Tenga Kabla ya Kuunga: Mbwa na Paka Siku ya Sikukuu

Vitabu vingi vya ufugaji wa mbwa vimeandikwa na watu ambao jiko lao lina mlango. Humo utasoma kwamba wakati wa karamu mbwa afungiwe nje ya jiko, na ushauri umeishia hapo. Huku kwetu, siku ya Idi au ya Krismasi, jiko ni ua mzima: mafiga chini ya mwembe, sufuria la pilau la watu arobaini, karai la maandazi, gogo la kukatia nyama, na kando yake ndoo mbili ambazo hakuna anayekumbuka ipi ni ya maganda na ipi ni ya mifupa. Mbwa yumo. Paka yumo. Watoto wa shangazi waliofika jana kutoka mjini nao wamo, kila mmoja na kipande cha nyama mkononi, wanatafuta wa kumpa.

Kwa hiyo sitaanza na orodha ya sumu. Nitaanza na kazi mbili ambazo ukizifanya, sehemu kubwa ya orodha hiyo haitakufika.

Kazi ya kwanza ni kutenga kabla ya kuunga. Nyama ikiwa bado haijakutana na kitunguu, thomu, chumvi wala mafuta, kata vipande vichache visivyo na mfupa, vichemshe kwa maji matupu katika kisufuria cha pembeni, kisha viweke kando vipoe. Ukiwa na boga au karoti, tia humo humo. Wali mweupe kidogo haudhuru. Mbwa hatakulaumu kwa kumnyima bizari. Alichokuwa anakitamani ni nyama, naye ameipata. Ila usimshindilie. Mbwa aliyezoea ugali na dagaa mwaka mzima, ukimjaza nyama kwa siku moja ataharisha hata kama nyama yenyewe haina kasoro yoyote. Kanuni ya madaktari wa mifugo ni kwamba vya ziada visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku. Kwa mbwa wa kilo 10, hivyo ni vipande vitatu vya ukubwa wa kidole gumba, basi.

Kazi ya pili ni kumteua mlishaji mmoja. Mtoto wa miaka kumi na miwili aliye makini anafaa kuliko mtu mzima mwenye shughuli zake. Mpe cheo hicho hadharani, kila mgeni asikie kwamba anayetaka kumpa mbwa chochote ampe kwanza mlishaji. Shida ya wageni wetu si roho mbaya. Ni hesabu: kila mmoja anatoa kipande kimoja tu, na wageni wako thelathini. Tena wapo wasiokatazika. Babu akimtupia mbwa mfupa, wewe huwezi kumkemea babu. Lakini mjukuu anaweza kumsogelea, “Shikamoo babu, huyu tumbo linamsumbua, dokta amekataza mifupa,” na babu atacheka na kuacha.

Mlishe mnyama kabla sinia la kwanza halijatoka, si baada. Kisha mfunge mbwa kivulini, mbali na moto, akiwa na maji karibu. Paka wa ndani mtie katika chumba chenye maji na sinia la mchanga, na ufunguo akae nao mlishaji. Paka wa Lamu au wa Mji Mkongwe ni mwenyeji wa mtaa, hafungiki. Kwa huyo linda ndoo ya mabaki: iwe na mfuniko, na juu ya mfuniko jiwe.

Kitunguu

Muulize mtu yeyote ni kitu gani ndani ya sinia la biriani kinachoweza kumwua mbwa. Atataja mfupa. Labda pilipili. Kitunguu hatakitaja, na hicho ndicho ninachokihofia kuliko vyote, kwa sababu kimo katika kila kitu tunachopika na hakuna anayekiogopa.

Kitunguu maji, kitunguu saumu (thomu) na majani ya kitunguu vina kemikali za salfa zinazoharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka mpaka zinapasuka. Ukikaanga, zimo. Ukichemsha, zimo. Ukikausha, zinazidi kujikusanya. Kwa mbwa, damu huanza kuathirika akila kati ya gramu 15 na 30 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa paka gramu 5 kwa kilo zinatosha. Paka wa kilo 4, basi, anahitaji gramu 20 tu, ambazo hazifiki robo ya kitunguu cha wastani. Thomu ina nguvu mara kadhaa kuliko kitunguu maji.

Sasa litazame biriani. Mpishi wa pwani haoni ajabu kumenya kilo nzima ya vitunguu kwa kilo ya nyama. Vinakaangwa mpaka vinasinyaa na kuwa vya kahawia, vingine vinavurugikia kwenye rosti mpaka havionekani tena. Kijiko kimoja cha rosti hiyo kimebeba kitunguu kingi kuliko jicho linavyokisia. Wako wanaookoa kipande cha nyama kwa kukisuuza bombani kabla ya kumpa paka. Kusuuza kunapunguza, hakumalizi. Kachumbari ni hatari iliyo wazi zaidi, kwa kuwa kitunguu chake ni kibichi na kinaonekana, lakini vile vile viungo vya mchuzi vya pakiti vina unga wa kitunguu, hata pale mpishi anapoapa kwamba hakutia kitunguu hata kimoja.

Kinachokiokoa kitunguu na lawama ni kuchelewa kwake. Mbwa anakula Ijumaa, Jumamosi anacheza, Jumatatu au Jumanne ndipo anapolala pembeni, hataki kuinuka, anahema. Hapo watu wanalaumu joto, au jirani. Inua mdomo wake wa juu uangalie fizi. Fizi za mbwa mzima ni za waridi. Zikiwa zimepauka au zina umanjano, na mkojo wake umegeuka mwekundu au wa rangi ya chai kavu, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, na umwambie kwamba Ijumaa alikula biriani. Usiache kusema. Huku kwetu homa ya kupe humfanya mbwa apauke fizi na akojoe mkojo mweusi vivyo hivyo, na daktari asiyeambiwa habari za kitunguu atamtazamia kupe kwanza, kwa haki kabisa.

Zabibu kavu na ukwaju

Zabibu kavu tunazitia kwenye tambi za Idi, kwenye biriani, kwenye keki ya Krismasi. Kwa mbwa zinaweza kuua figo. Ubaya wake ni kwamba hazina kipimo unachoweza kukitegemea: mbwa mmoja anakula konzi nzima asipate kitu, mwingine anakula chache na figo zake zinasimama ndani ya siku moja hadi tatu. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua sababu. Mwaka 2021 madaktari wa kituo cha sumu za wanyama cha ASPCA, shirika la kutetea wanyama la Marekani, walieleza kwamba mshukiwa mkuu ni asidi ya tatariki. Walikuwa wamekutana na mbwa aliyekula udongo wa kuchezea wa watoto, uliofinyangwa nyumbani kwa unga wenye asidi hiyo, akaugua figo sawasawa na wale waliokula zabibu.

Msomaji wa pwani atakuwa ameshatega sikio, maana asidi hiyo hiyo ndiyo inayoupa ukwaju ukali wake, na ukwaju una nyingi kuliko zabibu. Mbwa waliokula ukwaju nao wamewahi kuugua figo. Kwa hiyo chatne ya ukwaju inayoliwa na bajia, mchuzi wa kupakia mishikaki, bonge la ukwaju lililoloweshwa kwa ajili ya juisi na makapi yake baada ya kukamuliwa, vyote viende kwenye ndoo yenye jiwe. Makapi hasa. Yana utamutamu, yananata, na kwa kawaida humwagwa tu nyuma ya jiko.

Ukimwona mbwa akila zabibu kavu au ukwaju, usingoje atapike. Mkimbize kwa daktari akiwa bado mzima na anatikisa mkia, kwa sababu kinachosaidia kinasaidia mapema.

Vitamu vingine navipitia haraka. Chokoleti humdhuru mbwa kwa kadiri ilivyo nyeusi: kwa mbwa wa kilo 10, gramu 100 za chokoleti ya maziwa zinatosha kuanzisha kutapika na kuhangaika, na za nyeusi zinatosha gramu 40 hivi; unga wa kakao ni mkali kuliko zote mbili. Jojo na peremende zisizo na sukari huwa na zailitoli, sukari mbadala inayoshusha sukari ya mwili wa mbwa ghafla, pengine ndani ya nusu saa, na ikizidi inaua ini. Soma pakiti, hata ya siagi ya karanga. Makadamia za Murang'a na Kirinyaga humlegeza mbwa miguu ya nyuma ndani ya saa 12, kisha kwa kawaida anapona ndani ya siku mbili. Unga wa maandazi uliofunikwa kwa kanga uumuke ni hatari ambayo watu hawaitarajii: ukiingia tumboni unaendelea kuumuka kwa joto la mwili, tumbo linavimba, na hamira inatengeneza pombe humo humo. Na kuhusu pombe yenyewe, mbege, busaa au bia, wapo wanaume wanaoona mbwa aliyelewa ni kichekesho. Mwili wake haukuumbwa kuimudu, na mbwa mdogo anaweza kufa kwa kile ambacho kwao ni tone.

Ukiwa na kasuku, usimpe parachichi hata kidogo, na usikaangie kitu karibu naye kwa kikaango kisichogandisha. Kikiachwa motoni kikapata joto kali, hutoa mvuke usionusika ambao huua ndege kwa dakika chache.

Siku ya kuchinja

Idi Kubwa mbuzi huchinjwa nyumbani, na Krismasi ya Moshi haikamiliki bila mbuzi. Mbwa wa mtaa hupata habari kabla ya majirani. Hapa hatari haiko kwa mbwa peke yake, ndiyo maana nitakaa kidogo.

Mara nyingine mchinjaji hukuta kwenye ini au pafu vifuko vya maji, vyeupe, vingine kama harage na vingine vikubwa kama chungwa. Desturi yetu hapo ni mbaya: kipande kibovu hukatwa na kutupiwa mbwa, kwa kuwa binadamu hatakila. Ndani ya kifuko hicho mna mabuu ya tegu mdogo sana, Echinococcus granulosus. Yakifika utumboni mwa mbwa hugeuka kuwa minyoo ya milimita chache, maelfu kwa maelfu, na mbwa haonyeshi dalili yoyote. Baada ya wiki sita au saba mayai yanaanza kutoka na kinyesi. Yananata kwenye manyoya, yanaingia bustanini, yanaingia kwenye maji. Mtoto anayemkumbatia mbwa huyo kisha akala bila kunawa anaweza kuyameza, na miaka mingi baadaye kifuko kile kile kikaonekana kwenye ini lake mwenyewe, kikihitaji upasuaji. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ilikuwa miongoni mwa sehemu zenye wagonjwa wengi zaidi wa maradhi haya duniani, na katika miaka ya 1980 shirika la afya la AMREF liliendesha huko mpango wa kuyadhibiti, kwa kuwatibu watu na kwa kushughulika na mbwa wao.

Kichwa nacho kina habari yake. Wamasai wana jina la mbuzi au kondoo anayezunguka upande mmoja, ameinamisha kichwa, asione njia: ormilo. Ubongoni mwake mna kifuko cha tegu mwingine, ambaye naye hupita kwa mbwa. Mnyama wa namna hiyo hafai kwa udhia wa Idi, lakini kwa kitoweo huchinjwa upesi kabla hajafa, kichwa kikatupwa kando. Mbwa akiula ubongo ule mbichi, kundi zima la mwaka ujao liko hatarini.

Basi, kabla ya kisu kunolewa, shimo liwe limeshachimbwa. Liwe refu, mbwa asiweze kulifukua, na likishafukiwa wekea mawe juu. Pafu, ini na viungo vyote vyenye vifuko, pamoja na kichwa chenye shaka, viingie humo au motoni. Ukitaka kumpa mbwa matumbo yaliyo mazima, yachemshe nusu saa nzima yakitokota, si kuyababua. Kisha nenda duka la dawa za mifugo ununue dawa ya minyoo, na hakikisha kwenye pakiti limeandikwa jina praziquantel, kwa kuwa dawa nyingi za kawaida za minyoo haziwagusi tegu hawa. Hupimwa kwa uzito wa mbwa. Mbwa anayezoea kula nyama mbichi machinjoni apewe kila wiki sita, kabla tegu hawajapata muda wa kutaga.

Mbwa wakigombania matumbo, mtoto asiende kuwaamulia. Akiumwa, hata kidogo, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha moja kwa moja hospitali kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Kuweka pilipili, mafuta ya taa au kahawa kwenye kidonda hakusaidii kitu.

Vinavyokwama

Mfupa uliopikwa hukauka na kupasuka vipande vyenye ncha, na ncha hizo hutoboa. Wa kuku ndio unaojulikana, lakini wa mbuzi wa mchuzi si salama zaidi. Wazee watakuambia mbwa wao wamekula mifupa miaka yote. Ni kweli, wengi wao walipita salama. Wale ambao hawakupita hakuna aliyewapasua kutazama kilichowaua.

Zaidi ya mfupa, mimi huangalia vitu vitatu ambavyo watu hawavihesabu kuwa chakula. Kimoja ni kijiti cha mshikaki. Kimelowa mafuta na viungo, mbwa anakimeza kizima bila kukitafuna, na ncha yake inaweza kupenya ukuta wa tumbo siku kadhaa baadaye. Hesabu vijiti unavyotoa, hesabu vinavyorudi. Cha pili ni gunzi la hindi la kuchoma, ambalo halimeng'enywi na huziba utumbo barabara. Cha tatu ni kokwa ya embe. Krismasi ya pwani huangukia msimu wa maembe, kokwa zimezagaa kila mahali, zinateleza na zina ladha; mbwa wa wastani anaweza kuimeza lakini haiwezi kutoka upande wa pili. Anatapika kila anachokula, haendi haja, na bila upasuaji atakufa. Fagieni kokwa kabla ya kufagia majani.

Kwa wachoma nyama kuna jingine. Mafuta yanayodondoka chini ya jiko hulowesha mchanga, na mbwa ataulamba na kuula mchanga ule mpaka ujae utumboni. Jiko likipoa, zoa mchanga uutupe au mwagia majivu na uufukie. Karatasi ya fedha iliyofungiwa nyama, na uzi wa kufungia kuku au mbavu, visiachwe mezani. Paka hasa hupenda uzi. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni mwa paka au nyuma yake, usiuvute. Ndani huenda umeshikana na utumbo, na kuuvuta ni kuukata utumbo.

Mafuta yenyewe, ile ngozi ya kuku na kipande cheupe cha nyama ambacho kila mlaji anakitoa pembeni ya sahani, huweza kuvimbisha kongosho la mbwa. Anatapika, tumbo linauma, na mara nyingi utamwona amelaza kifua chini huku makalio yako juu, hataki kuinuka. Huo si mchezo wala si kujinyoosha. Mbwa mwenye mkao huo asipewe chakula, apelekwe.

Kwa wanaokaa karibu na bahari: wavuvi wanamjua samaki mwenye sumu aitwaye bunju na humtupa, ila humtupa ufukweni, na paka humkuta. Sumu yake haina dawa ya kuipoza. Matumbo ya samaki usiyemjua yafukie.

Na kabla ya sikukuu, watu wanaposafisha stoo, unga ulioota ukungu au mahindi yaliyovunda husemwa “hayo ya mbwa”. Sumu ya ukungu huo, aflatoksini, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika nayo upesi sana. Unga usiofaa kwa mtu haumfai mbwa.

Akila asichopaswa

Dawa zetu za nyumbani ni nyingi, na nyingi zinaongeza tatizo. Maziwa hayazimui sumu. Paka na mbwa wengi wakubwa hata kuyameng'enya hawawezi. Mafuta ya kula unayomnywesha kwa nguvu huingia mapafuni. Maji ya chumvi ya kumtapisha yanaweza kumuua kwa chumvi yenyewe. Mkaa wa jikoni uliosagwa haufanani na mkaa maalumu wa hospitali, ni uchafu tu. Na Panadol, ambayo mkono huifuata wenyewe tukiona mnyama ana maumivu, usimpe paka kamwe: kidonge kimoja kinaweza kumuua. Mbwa naye usimpe Brufeni wala Diklofenaki.

Kumtapisha ni kazi ya daktari, na yapo mambo ambayo hata yeye hatayatapisha, kama vile kijiti, mfupa wenye ncha au kitu kilicholiwa na mnyama ambaye tayari amelegea. Kazi yako ni hii: ondoa kilichobaki mbele yake, hifadhi pakiti au kipande, tazama saa, na kadiria amekula kiasi gani. Ujue uzito wake. Panda kwenye mizani umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Habari hizo nne ukimpa daktari kwa simu, ataweza kukuambia kama uje mbio au umwangalie nyumbani.

Simu hiyo iwe na namba ya nani? Hili litazame siku tatu kabla ya sikukuu, kwa kuwa siku yenyewe daktari naye yuko kwenye pilau ya kwao. Muulize mapema kama atakuwepo na ni nani anayeshika zamu. Ofisa mifugo wa kata anakujua na yuko karibu, ingawa wengi wao shughuli yao ni ng'ombe. Mwombe akupe namba ya mwenzake anayetibu mbwa na paka. Aliye Morogoro ana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na aliye Nairobi ana zahanati ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete. Nako uliza mapema kuhusu saa za sikukuu. Namba iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa mahali ambapo mlishaji anaiona, maana simu yako siku hiyo itakuwa inapiga picha.

Baada ya wageni kuondoka, jaa ndilo linalobaki na karamu. Mabaki yaliyolala siku mbili kwenye joto huota ukungu, na ukungu huo unaweza kumtetemesha mbwa mwili mzima mpaka aanguke degedege. Choma au fukia usiku ule ule, hata kama umechoka. Kisha angalia: kutapika na kukataa chakula siku tatu za mwanzo, mkojo ukiwa mwingi kupita kiasi au ukikoma, fizi na rangi ya mkojo mpaka siku ya tano. Paka aliyejificha kwa kelele za wageni akipita siku mbili bila kula chochote, usimngoje ajirudie mwenyewe. Ini la paka aliyefunga hujaa mafuta upesi, naye mnene ndiye anayeugua kwanza.